Magego ya Bibi Velina

Karani alinipongeza saa mbili na nusu asubuhi, wakati nimeshika kidevu cha mtoto aliyevimba uso mpaka jicho la kulia likafumba.

"Hongera, Daktari Chaula," alisema kutoka ukutani, kwa ile sauti yake ya mshereheshaji wa harusi. "Tulizo Ilomo, miaka minne na miezi miwili. Kirusi hakionekani. Mtoto ana afya njema."

Nilitamani kumrushia kiatu. Karani ni mashine, kisanduku cheupe ambacho Mradi wa Mlinzi ulikifunga katika ukuta wa kliniki yangu miaka sita iliyopita. Unachomeka kijiti chenye mate ya mtoto, naye anahesabu kirusi, anapima dawa, kisha anatoa pongezi au lawama. Akishahesabu amemaliza. Mtoto anaweza kuletwa hana kichwa, na kama mate yake ni safi, Karani atampongeza mama yake.

Tulizo alikuwa amepakatwa na bibi yake, Bibi Velina, mama mmoja mrefu wa miaka kama sitini, mwenye sweta mbili na kitenge juu yake, maana hapa Ihangule hatuna mwezi usio na baridi. Mtoto alikuwa analia kidogo kidogo, kwa pumzi. Bibi aliniambia hivyo akiwa na ahueni fulani usoni, "Analia, Daktari," na nilimwelewa. Kirusi hiki tulikiita Kimya kwa sababu watoto wanaozaliwa nacho huugua bila kulia. Wanatulia, wanakataa kula, na baada ya wiki mbili au tatu hawapo tena. Mama yake Tulizo, binti pekee wa Bibi Velina, alikwenda hivyo hivyo, mtu mzima aliyenyamaza Jumatatu akazikwa Ijumaa. Kwa hiyo kwetu mtoto akilia, watu wanashukuru.

Niliuliza tangu lini. Bibi akasema uvimbe umeanza Jumapili, na tangu hapo mtoto hajatia kitu kigumu mdomoni. Usiku anashika shavu na kutembea chumbani.

Nikachukua tochi ya zambarau kwanza, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka. Meno ya Tulizo yakawaka kijani mdomo mzima. Akina mama wanaipenda sana tochi ile. Wanapanga foleni, wanaonyeshana, mwanao kijani kuliko wangu. Kisha nikawasha tochi ya kawaida, nikaona ukweli. Meno ishirini ya utotoni, yote yameliwa. Mengine yalikuwa visiki vyeusi vilivyolingana na fizi. Tisa yalikuwa yanatoa usaha. Chini ya taya palikuwa pagumu kama kiazi kibichi, na ugumu ule ulikuwa umeanza kuteremka shingoni. Huko najua unakoelekea. Ukifika kooni unaziba njia ya hewa, na hapo hata ningekuwa na hospitali nzima nyuma yangu nisingefanya kitu. Nilimpa siku mbili, tatu akiwa na bahati.

Ngoja niwaeleze Mlinzi ni nini, nieleze bila matusi. Mlinzi ni kijidudu kilichotengenezwa maabara. Mtoto akifikisha mwaka tunakipaka kwenye meno, na hapo kinaweka makazi. Hakikai kwenye ulimi wala fizi, kinakaa kwenye jino tu, na ndicho kinachowaka kijani chini ya tochi ya zambarau. Kazi yake ni kutengeneza dawa ya Kimya usiku na mchana, na mtoto anaimeza pamoja na mate yake bila kujua. Dawa yenyewe haiwekeki kabatini. Ikitoka mdomoni, nusu saa nyingi, imeharibika. Kwa hiyo waliosoma sana waliamua kiwanda kiwe mdomo wa mtoto mwenyewe. Na kweli watoto wakaacha kufa. Sibishani na hilo, nimeona makaburi yalivyopungua.

Lakini Mlinzi anakula sukari, na akishakula anatoa tindikali. Mradi ukaleta sharubati kwa katoni. Vijiko viwili asubuhi, viwili mchana, viwili mtoto akiwa anapelekwa kitandani, na mswaki marufuku. Mimi Betrida Chaula, niliyesoma miaka mitano ili nije niwaambie watu wasilaze watoto na kitu kitamu mdomoni, ndiye niliyekabidhiwa sharubati ile nigawe kwa mkono wangu. Niliigawa. Nimeandika taarifa arobaini na moja kuhusu meno, na zote zimejibiwa. Jibu ni lile lile: taarifa yako imepokelewa kwa shukrani.

Nikamgeukia Karani. Nikaomba kibali cha kung'oa meno tisa na kumpa mtoto antibiotiki.

"Ombi limekataliwa," akasema bila kupoteza uchangamfu. "Meno ya mtoto huyu ni makazi ya Mlinzi. Antibiotiki itamwua Mlinzi. Je, una ombi jingine?"

Kabati la koleo za meno lina kufuli linalomsikiliza Karani, halimsikilizi daktari. Niliuvuta mlango hata hivyo, ukakataa, nikauvuta tena kwa nguvu za hasira mpaka Kaka Mahenge akanitazama. Alfons Mahenge ni muuguzi wangu, mtu wa taratibu kiasi kwamba hata chai hanywi kabla ya saa nne kamili. Aliniambia kwa upole nipige simu makao makuu.

*

Mratibu wa Mradi kwa nyanda zetu anaitwa Shangwe Lyatuu, na nilimfundisha mimi. Alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote kwa kuchoma sindano ya ganzi. Mgonjwa alikuwa anauliza utachoma lini, kumbe ameshamaliza. Aliponiona kwenye kioo cha simu aliniamkia kama zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Niliitikia kwa haraka, nikamweleza uvimbe, shingo, siku mbili. Nilitegemea abishane, nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Hakubisha. Aliangalia picha nilizomtumia, akasema jipu lile lingekuwa mdomoni mwa mtu mwingine yeyote angeniamuru ning'oe saa hiyo hiyo. Kisha akaniambia jambo ambalo Mradi haukuwa umetuandikia sisi wa vituoni. Mwaka uliopita, katika kituo kimoja mbali na kwetu, daktari mwenye moyo mzuri aliwang'oa watoto wanne na kuwapa antibiotiki. Mdomo ukapona. Mlinzi akafa. Baada ya siku kumi na nane Kimya kilirudi kwa wote.

"Watatu tumewazika, Mwalimu," alisema.

Nikauliza kwa nini wasipakwe upya. Akasema Mlinzi anahitaji jino zima lenye ngozi yake ngumu ya juu, hashiki kwenye visiki, na watoto wa umri ule visiki ndivyo walivyobaki navyo. Jino jipya zima ni gego la kwanza la ukubwani, na hilo linaota mtoto akiwa na miaka sita. Nikauliza sindano. Sindano ipo siku hizi, ya watu wazima. Kwa mtoto wa kilo kumi na tatu inaharibu ini kabla haijagusa kirusi. Kila mlango niliougonga alikuwa ameshaugonga yeye.

"Kwa hiyo huyu afe kwa jino," nikasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi, Shangwe?"

"Nimesema sina kitu kingine cha kukupa. Mtoe usaha kwa sindano, mpunguzie maumivu, tusubiri. Kuna Mlinzi mwingine anatengenezwa, asiye na tindikali. Miezi minane, labda kumi."

Mtoto ana siku mbili, mtu anakwambia miezi minane. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nilimfundisha kushika koleo, sikumfundisha kusubiri, na nikakata simu kabla hajajibu. Nikabaki nimekaa pale kwenye kiti cha wagonjwa, nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Shida yangu kubwa ilikuwa kwamba binti yule hakukosea hata neno moja. Mtu akikosea unamrekebisha. Asipokosea unafanyaje? Nikimng'oa Tulizo, kirusi kinamchukua mwezi ujao. Nisipomng'oa, jipu linamchukua kesho kutwa. Na nani kati yetu aliyemwomba yule mtoto ruhusa ya kufanya meno yake kuwa kiwanda?

Nikatoka kwenda kumwambia bibi yake.

*

Nilimkuta nyuma ya jiko la kituo, kwenye jua, ameketi juu ya kigogo na mtoto mapajani. Alikuwa ameomba viazi viwili vya kuchemsha kwa mpishi. Alimega kipande, akakitia mdomoni mwake, akakitafuna taratibu mpaka kikawa uji, kisha akakitoa kwa vidole viwili na kumpa Tulizo. Mtoto akameza. Akafungua mdomo tena.

Hapo nilipasuka. Wenzangu wanaojua kazi yetu watanielewa. Kutafunia watoto ndiyo desturi niliyopigana nayo hapa kuliko nyingine yoyote. Bibi wa huku mjukuu akiachishwa ziwa anamtafunia, ndivyo alivyotafuniwa yeye, na kwa njia hiyo vijidudu vyote vya meno mabovu ya nyumba nzima vinahamia kwa mtoto. Nimebandika mabango. Nimetunga wimbo, akina mama wanauimba kliniki huku wanapiga makofi, halafu wanakwenda nyumbani kutafunia. Bibi Velina mwenyewe nilishamgombeza mara tatu mbele za watu, na hapo nikamgombeza mara ya nne, mtu mzima kuliko mimi, nikamwambia anamwua mjukuu wake kwa mate.

Hakukasirika. Alimaliza kwanza kilichokuwa mdomoni.

"Sasa ale nini, mwanangu?" akauliza. "Ana meno mdomo mzima na hakuna hata moja linalotafuna. Toka ana mwaka na nusu yanamuuma. Mimi ndiye meno yake."

Ile ya mwisho ilinichoma, na nilipochomwa nikazidi kuwa mkali, tabia yangu mbaya hiyo. Nikasema nitamwonyesha uchafu ulio mdomoni mwake aone anachomlisha mtoto. Nikatia mkono mfukoni nikatoa tochi, nikamwambia afungue mdomo. Kwa hasira sikuangalia nimetoa tochi ipi.

Bibi Velina alikuwa na meno kumi na moja. Magego ya kushoto nilimng'oa mwenyewe miaka ya nyuma, yamebaki manne ya kulia, mawili juu na mawili chini. Yote manne yaliwaka kijani.

Nilizima tochi, nikaiwasha tena. Nikafuta magego yale kwa kitambaa, nikamulika. Kijani. Nikamwita Kaka Mahenge aje aone, maana nilidhani ni macho yangu. Kitabu cha Mradi kinasema wazi, kwa herufi nzito, kwamba Mlinzi hawezi kuishi kwenye mdomo wa mtu mzima. Walijaribu kwa watu mia mbili na akafa kwa wote. Lakini watu wale mia mbili hakuna aliyekuwa anaonja sharubati ya mtoto kabla ya kumpa, akilamba kijiko, akitafuna chakula na kutia vidole mdomoni mwa mtoto na kurudisha mdomoni mwake, mara nne kwa siku, miaka mitatu bila kukosa. Kijidudu kilipewa muda, kikazoea nyumba mpya. Walioandika kitabu kile hawakuwa na habari ya bibi wa Ihangule, na mimi niliyekuwa na habari nilikuwa nimeshughulika kutunga wimbo.

Tukampa Bibi vijiko viwili vya sharubati, tukasubiri, tukampa kiazi atafune. Nikachukua mate yake kwa kijiti, nikampelekea Karani.

"Mate haya hayana mtoto," Karani akasema.

Kaka Mahenge, yule asiyekunywa chai kabla ya saa yake, akakohoa, akaniambia nikiingiza namba ya Tulizo atayasoma. Nilimtazama. Akatazama dirishani. Nikaingiza namba.

"Hongera. Kiwango cha dawa ni kumi na mbili. Kiwango cha chini kinachotakiwa ni kumi."

Kumi na mbili, kwa magego manne ya mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Dawa aliyohitaji Tulizo ilikuwepo ndani ya kiazi kile, na kama ingemezwa ikiwa bado ya moto kutoka mdomoni, ilitosha.

*

Nilimweleza Bibi Velina kila kitu, na nilihakikisha ananisikia. Nitamng'oa Tulizo meno mabovu na kumpa antibiotiki. Mlinzi wake atakufa. Kuanzia hapo dawa yote ya mtoto itatoka mdomoni mwa bibi yake, kwa kutafuniwa, mara sita kwa siku, miaka miwili, mpaka magego ya ukubwani yaote nimpake upya. Nilimwambia asitegemee mtu mwingine kumsaidia, kwa kuwa sikujua kama Mlinzi wake angekubali mdomo mwingine. Na baadaye tulijaribu: nilijipaka mimi, tukampaka Mahenge, siku ya nne tochi haikuona kitu kwetu sote.

"Meno yako yataoza, Bibi," nikasema. "Nataka ulijue hilo leo. Yataoza kama ya mtoto, na yatauma."

"Ni manne tu," akasema.

"Manne yanauma sana."

Alimtazama Tulizo, aliyekuwa amelala kwa uchovu huku mdomo wazi, akihema kwa kukoroma. Akaniuliza kama ningekuwa mimi ningefanyaje. Nikamjibu kwamba mimi sina mjukuu, jibu la kijinga, akalipokea kwa heshima kuliko lilivyostahili. Kisha akasema haya, tuendelee, mtoto asije akazibwa koo tukiwa tunaongea.

Lilibaki kabati. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta nyundo nilipomkuta Kaka Mahenge amepiga magoti na bisibisi, anafungua bawaba za mlango, skrubu moja moja, anazipanga kwenye sahani ili zisipotee. Mlango ukatoka mzima. Kufuli lake lilikuwa bado limefunga barabara, na Karani hakusema neno, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kwamba mlango una upande wa pili.

Sitaeleza sana kung'oa. Ganzi haishiki vizuri palipo na usaha, na mtoto wa miaka minne hawezi kuambiwa maana yake. Bibi alimshika kichwa, Mahenge akashika miguu, na mimi nikaomba msamaha kwa kila jino, kwa sauti, mpaka la tisa. Usaha ulipotoka, nafasi ilipatikana shingoni. Tukasikia pumzi yake ikibadilika. Nililia. Nilikuwa na hasira bado, nikalia hivyo hivyo nikiwa na hasira.

Jioni ile Tulizo aliomba kula. Nilisimama karibu na Bibi Velina nikamfundisha kazi yake mpya: sharubati kwanza, kisha ngoja kidogo, kisha tafuna upande wa kulia tu, polepole, uji uwe laini, na mpe hapo hapo. Alikuwa mtu wa mswaki. Alipiga mswaki asubuhi na jioni tangu nilipomng'oa yale ya kushoto na kumtisha kuhusu ya kulia, na alikuwa anajivunia hilo kwa majirani. Nikamwambia aache. Nilisikia mdomo wangu ukimwambia mgonjwa wangu asipige mswaki, tena ale sukari kabla ya kulala, na mkono wangu ukamkabidhi katoni.

*

Siku ya kumi na nane sikufanya kazi. Nilikaa mbele ya Karani na kijiti cha Tulizo, nikaogopa kukichomeka. Mahenge ndiye aliyekichukua mkononi mwangu.

Kirusi hakikuonekana. Karani akatupongeza, na safari hii nilimruhusu.

Mwezi wa pili tangu tumng'oe, mtoto alinenepa. Shavu likarudi mahali pake, akawa anakimbia uani kwenye kituo, anacheka na mapengo yake, anasumbua kuku wa mpishi. Lyatuu alinipigia siku moja. Aliniamkia, akauliza habari za baridi, kisha akauliza meno ya Tulizo yakoje, maana ombi langu la kibali lilikataliwa na hakuona lingine. Nikamjibu kwamba meno ya Tulizo hayaumi tena. Akasema sawa, Mwalimu, na hakuuliza zaidi. Nilijua anajua kuna kitu, na nilijua kwa nini hakuuliza: kama Mlinzi anaweza kuhama mdomo, Mradi mzima utafungwa kwa uchunguzi, na wilaya yetu ina watoto mia tatu na kumi wenye meno ya kijani ambao hawana bibi wa kuwatafunia dawa. Niliichukia siri ile. Niliitunza.

Mwezi wa tano, asubuhi ya Alhamisi, Bibi Velina aliingia kliniki ameshika shavu la kulia. Alikuwa amekonda. Kitenge alikuwa amekifunga kuzunguka kidevu kama mtu mwenye matubwitubwi, na Tulizo anamfuata akiwa ameng'ang'ania sweta lake.

"Kamwene, Daktari," akasema kwa shida.

"Kamwene, Bibi. Keti."

Nilimulika. Gego la chini, la nyuma, lilikuwa limeliwa mpaka moyo wa jino. Fizi imevimba. Nililigusa kwa ncha ya chombo, akaruka. Mengine matatu yalikuwa na mashimo, lakini yalikuwa hayajafika huko. Nikachukua mate, nikachomeka kijiti. Dawa ilikuwa imeshuka, kumi nukta mbili.

Nilipiga hesabu nikiwa nimempa mgongo. Gego lile likitoka, lile la juu yake halina mwenzake, halitafuni kitu. Itabaki jozi moja. Dawa ya jozi moja haifiki sita, na Tulizo anahitaji kumi. Antibiotiki nikimpa inamaliza hata hizo sita. Tulizo alikuwa na miaka minne na miezi saba.

"Ling'oe," Bibi akasema nyuma yangu. Hakuwa anaomba, alikuwa amechoka. "Sijalala siku nne, mwanangu. Nilisema nitaweza, na nimeweza mengi. Hili limenishinda. Ling'oe."

Kabati halikuwa na mlango tena. Koleo za watu wazima zilikuwa pale mbele yangu, zimepangwa kwa ukubwa, na hakukuwa na kufuli wala mashine ya kuomba ruhusa. Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Nimeifanya mara elfu kadhaa, na nikimwona mgonjwa anashika shavu hivi mkono wangu unakwenda wenyewe. Na mkono ulikwenda, nikaushika.

Nikamgeukia. Nikamwambia nitamtoa usaha kwa sindano, nitampa vidonge vya maumivu, atapata nafuu kidogo. Nikamwambia avumilie. Nilipokuwa nasema sikuweza kumtazama machoni, nikatazama kile kitenge, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia Karani, Lyatuu na Mradi wao wote kwa pamoja.

Bibi Velina alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa ananisubiri nibadilike. Kisha Tulizo akamvuta sweta, akasema ana njaa, na bibi yake akafungua kitenge kutoka kidevuni. Alitoa kiazi, akanywa sharubati yake kwa kijiko, akangoja, akamega. Akakiweka upande wa kulia na kuanza kutafuna, macho ameyafumba, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mtoto alikuwa ameshafungua mdomo.